Kozi za ESL na Uandishi wa Kiingereza katika Vyuo vya Jamii vya Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yamekusudiwa wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani au wanaojiandaa kuhamia huko, na wanaofikiria kuanza masomo katika chuo cha jamii. Kila jimbo lina sheria zake na kila chuo kina taratibu zake. Mifano mingi hapa imechukuliwa California, yenye vyuo 116 vya aina hii, kwa sababu sheria zake kuhusu kozi za Kiingereza ziko wazi kuliko za majimbo mengi. Aliyeko Texas, Iowa au Maine aichukue mifano hiyo kama kielelezo, kisha aulize chuoni kwake.

## Mambo ya msingi

1. Chuo cha jamii ni chuo cha namna gani?

Ni chuo cha umma kinachotoa vyeti vya ufundi na shahada ya miaka miwili iitwayo associate, ambayo mtu anaweza kuishia nayo kazini au kuhamia nayo chuo kikuu na kumalizia miaka miwili iliyosalia ya shahada ya kwanza. Kile kinachohesabiwa kuwa cha kwanza kilifunguliwa Joliet, Illinois, mwaka 1901. Kwa kawaida mlango wake u wazi kwa kila mtu mzima, bila mashindano ya alama za kuingilia. Baadhi ya ndugu zetu hukiona kama chuo cha walioshindwa, lakini dhana hiyo haina msingi: kozi ya uandishi ya mwaka wa kwanza inayosomwa hapo ndiyo ileile ambayo chuo kikuu cha umma cha jimbo hilo kitaipokea, na ada yake ni ndogo zaidi.

2. ESL na kozi ya uandishi wa Kiingereza zinatofautianaje?

ESL, yaani Kiingereza kama lugha ya pili, hufundisha lugha: kusikiliza, kuzungumza, kusoma, sarufi na kuandika, kuanzia ngazi ya anayejifunza herufi hadi ngazi ya anayesoma makala za kitaaluma. Kozi ya uandishi, ambayo vyuo vingi huiita English 101, na ambayo vyuo vya California vimeanza kuiita ENGL C1000 tangu muhula wa vuli wa 2025, haifundishi lugha kwa maana hiyo. Humchukulia mwanafunzi kuwa anaielewa lugha, kisha humfundisha kusoma hoja za wengine, kuzipima, na kujenga hoja yake kwa maandishi yenye ushahidi.

Karibu kila shahada huidai kozi hii ya pili, hata kwa anayesomea uhasibu au ufundi wa kompyuta. Ndiyo maana mwanafunzi anayepanga kupata shahada anapaswa kuitazama ESL kama njia ya kufika huko, na kila muhula ajiulize kama bado anaihitaji.

3. Kozi yenye krediti na isiyo na krediti zina tofauti gani?

Kozi yenye krediti, yaani vipimo vinavyojumlishwa hadi kufikia shahada au cheti, hulipiwa ada, huwa na alama zinazoingia kwenye rekodi ya kudumu, na inaweza kugharamiwa na msaada wa fedha wa serikali. Isiyo na krediti mara nyingi ni ya bure au ya ada ndogo, haiathiri wastani wa alama, na mwanafunzi anaweza kuirudia bila madhara. Walimu wa pande zote mbili wanaweza kuwa ni walewale.

Ushauri wetu ni kwamba ngazi za chini zisomwe bila krediti kila inapowezekana, na krediti zitunzwe kwa ngazi za juu. Sababu ya kifedha imeelezwa katika swali la 11.

4. Nilisoma Kenya, Tanzania au Congo. Je, shule niliyopitia inabadilisha mahali pa kuanzia?

Inabadilisha sana, ingawa fomu za vyuo hazioni tofauti hiyo. Aliyemaliza sekondari Kenya amesoma karibu masomo yake yote kwa Kiingereza kwa miaka mingi, na mara nyingi hana haja ya ESL hata kidogo. Kinachomsumbua ni lafudhi ya wenyeji katika wiki za kwanza, na hilo huisha lenyewe. Aliyesoma Tanzania amepitia msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, hivyo msamiati wake wa vitabuni unaweza kuwa mpana kuliko uwezo wake wa kuzungumza, na jaribio la mahojiano litamweka chini kuliko anavyostahili. Aliyesoma mashariki mwa Congo au Burundi amesoma madarasa ya juu kwa Kifaransa; huyu anajua tayari kuandika insha yenye mpangilio, anachokosa ni Kiingereza chenyewe, na kwa kawaida hupanda ngazi haraka akishapata msingi.

Mweleze mshauri wa masomo historia hii kwa kinywa chako. Asipoambiwa, ataona tu kwamba lugha ya nyumbani ni Kiswahili.

## Kupangiwa ngazi

5. Je, ni lazima nifanye mtihani kabla ya kuanza?

Si lazima kila mahali. Kwa miaka mingi vyuo vilitegemea mitihani ya kompyuta kama vile COMPASS, ambao uliondolewa sokoni mwaka 2016, na ACCUPLACER, ambao bado unatumika. Tatizo lililojitokeza ni kwamba wanafunzi wengi waliopangiwa kozi za maandalizi kwa mtihani wa saa moja hawakufika kabisa kwenye kozi ya uandishi. Hawakufeli wote, wengi waliacha njiani, kwa kuwa kila muhula unaoongezwa huongeza nafasi ya kazi, uzazi au kuhama kumtoa mtu masomoni.

California ilichukua hatua kwa sheria iitwayo AB 705, iliyotiwa saini mwaka 2017. Kwa sheria hiyo, chuo hakiruhusiwi kumlazimisha mwanafunzi kusoma kozi za maandalizi bila ushahidi kwamba hana uwezekano wa kufaulu bila hizo, na alama za sekondari ndizo zinazotazamwa kwanza. Kwa wanafunzi wa ESL, chuo kinatakiwa kuwapanga kwa namna inayowapa nafasi kubwa zaidi ya kumaliza kozi ya uandishi ndani ya miaka mitatu. Texas inatumia mtihani wake uitwao TSIA2. Vyuo vingine humpa mwanafunzi dodoso lenye sampuli za kazi za kila ngazi, kisha humwachia achague mwenyewe.

Darasa la ESL linalogharamiwa na fedha za elimu ya watu wazima za serikali kuu, kwa upande wake, litakupima hata kama hupendi, mara nyingi kwa mtihani wa CASAS, kwa sababu ni lazima litoe taarifa ya maendeleo ya wanafunzi wake.

6. Nimepangiwa ngazi ya chini kuliko uwezo wangu. Nifanye nini?

Zungumza mapema, katika wiki ya kwanza. Walimu wengi wa ESL huwapa wanafunzi kazi fupi ya kuandika siku ya kwanza au ya pili kwa lengo hilohilo la kuwagundua waliokosewa. Mwombe mwalimu asome kazi yako na akupendekeze kwa ngazi ya juu. Pendekezo lake lina uzito kuliko malalamiko ofisini. Ukichelewa hadi wiki ya nne, darasa la juu litakuwa limejaa na huwezi kuhamishwa.

Heshima tuliyolelewa nayo mbele ya mwalimu huwafanya wengi wetu wanyamaze na kukaa muhula mzima wakisoma wanayoyajua. Katika vyuo hivi, kuomba kupandishwa ngazi si utovu wa adabu.

7. Nimeambiwa nitasoma kozi ya uandishi pamoja na kozi ya usaidizi. Hiyo ni adhabu?

Hapana. Badala ya kusoma kozi ya maandalizi kwanza na ya uandishi muhula unaofuata, mwanafunzi husoma zote mbili kwa wakati mmoja, na saa za ziada hutumika kufanyia kazi insha zilezile za darasa kuu. Mfumo huu ulipata umaarufu kutoka Chuo cha Jamii cha Kaunti ya Baltimore, Maryland, kilichouanzisha mwaka 2007, na baadaye ukaenea majimbo mengi. Kwa Mswahili anayeelewa anachosoma lakini anatatizwa na sentensi, huu ndio mpango bora, kwa sharti kwamba ana saa za kutosha katika wiki.

8. Mama yangu ametoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na hakuwahi kwenda shule. Je, kuna darasa lake?

Lipo. Madarasa ya kuanzia kabisa, yanayofundisha kushika kalamu, herufi na tarakimu sambamba na Kiingereza cha dukani na hospitalini, hutolewa na shule za watu wazima, maktaba, mashirika yanayopokea wakimbizi na baadhi ya vyuo vya jamii. Chuo kikisema ngazi yake ya kwanza ni ya wanaojua kusoma, uliza ni nani katika mji huo anafundisha wasiojua; mara nyingi ofisi hizo zinafahamiana.

Asiwekwe darasa moja na mtoto wake aliyesoma sekondari eti wasindikizane. Atajiona mzigo, naye mtoto atakuwa mkalimani badala ya mwanafunzi.

9. Itanichukua muda gani kutoka sifuri hadi kozi ya uandishi?

Kwa anayesoma akiwa na kazi ya kutwa na familia, si jambo la muhula mmoja wala miwili. Kipimo cha miaka mitatu kilichomo katika sheria ya California kinahesabiwa kwa anayeanza programu ya ESL ya chuo yenye lengo la shahada, na si kwa anayeanza herufi. Mwenye elimu nzuri ya Kifaransa hufika mapema zaidi.

## Ada, msaada wa fedha na hadhi ya uhamiaji

10. Kozi moja inagharimu kiasi gani?

California hutoza mkazi wa jimbo dola 46 kwa kila krediti, hivyo kozi ya krediti 3 ni dola 138, na wenye kipato cha chini huweza kusamehewa ada hiyo kwa mpango uitwao California College Promise Grant. ESL isiyo na krediti katika vyuo hivyo haina ada. Asiyehesabiwa kuwa mkazi hutozwa mara kadhaa ya kiasi hicho kwa kozi za krediti, na kwa kawaida ukazi huhesabiwa baada ya kuishi jimboni mwaka mmoja na zaidi. Wakimbizi wapya waulize kuhusu msamaha wa sharti hilo, kwa sababu majimbo kadhaa huwapa.

Vitabu navyo vina bei. Ukiona alama ya kozi isiyo na gharama ya vitabu katika ratiba, ichague. Walimu wengi wa uandishi sasa hutumia makala za bure mtandaoni.

11. Je, FAFSA inalipia ESL?

Inategemea. Fomu ya FAFSA, ya kuomba msaada wa fedha wa serikali kuu, ndiyo mlango wa ruzuku ya Pell, ambayo si mkopo na haidaiwi ukiitumia kwa utaratibu. Kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo wa 2025/26 ni dola 7,395. Wanaostahiki ni raia, wenye kadi ya kijani (wakiwamo walioipata kwa bahati nasibu ya viza), wakimbizi na waliokubaliwa hifadhi. ESL yenye krediti hulipiwa pale inapokuwa sehemu ya programu ya shahada au cheti kinachotambuliwa. ESL isiyo na krediti kwa kawaida hailipiwi, na mtu anayesoma ESL peke yake bila kujiandikisha katika programu yoyote hana haki ya Pell.

Kuna mambo mawili ambayo wengi hawaambiwi. La kwanza ni jema: serikali huweka ukomo wa krediti 30 kwa kozi za maandalizi zinazolipiwa, lakini kozi za ESL hazihesabiwi katika ukomo huo. La pili linahitaji tahadhari: Pell ina ukomo wa maisha sawa na mihula 12 ya kusoma kutwa, na kila muhula wa ESL uliolipiwa kwa Pell huula ukomo huo. Mtu aliyetumia mihula sita ya Pell kwa ESL anaweza kujikuta chuo kikuu, mwaka wa mwisho, akiwa ameishiwa ruzuku wakati ada iko juu kabisa. Hiyo ndiyo sababu ya ushauri uliotolewa katika swali la 3.

12. Sina cheti cha sekondari, au cheti changu kiliungua vitani. Naweza kuingia?

Kujiunga na chuo na kupata msaada wa fedha ni mambo mawili tofauti. Vyuo vingi vitamwandikisha mtu mzima bila cheti. Msaada wa fedha wa serikali kuu ndio unaodai cheti cha sekondari au kinacholingana nacho, na cha nje ya Marekani hukubalika. Aliyemaliza sekondari lakini hana karatasi aende ofisi ya msaada wa fedha, aeleze ilivyopotea, na aulize ni tamko gani la maandishi litakalopokelewa badala yake.

Ambaye hakumaliza ana njia mbili. Anaweza kufanya GED, mtihani wa kupata cheti kinacholingana na cha sekondari, wenye masomo manne na sehemu ya kuandika, ambao vyuo vingi hutoa darasa la kujiandaa nao. Au anaweza kujiunga na programu ya ufundi inayochanganya elimu ya watu wazima na mafunzo ya kazi. Katika programu inayotambuliwa kwa utaratibu huo, kufaulu mtihani maalumu au kumaliza krediti 6 humfungulia msaada wa serikali bila cheti cha sekondari.

13. Je, viza au hadhi yangu inaniruhusu kusoma?

Mwenye kadi ya kijani, mkimbizi na aliyepewa hifadhi husoma chochote. Ambaye maombi yake ya hifadhi bado yanashughulikiwa anaweza kuandikishwa katika vyuo vingi, lakini hana haki ya Pell hadi akubaliwe.

Mwenye viza ya matembezi ya B-2 haruhusiwi kuanza programu ya masomo bila kubadilisha hadhi kwanza. Mwenye F-1, yaani viza ya mwanafunzi, lazima asome angalau krediti 12 kwa muhula, na katika hizo ni kozi moja tu ya mtandaoni inayoweza kuhesabiwa. Sheria pia inamkataza kutumia F-1 kusoma elimu ya watu wazima inayogharamiwa na umma, kwa hiyo yale madarasa ya bure yanayosifiwa na majirani si yake. Kabla ya kuacha kozi hata moja, mwenye F-1 amwone afisa wa wanafunzi wa kimataifa, kwa sababu kushuka chini ya krediti 12 bila kibali huharibu hadhi yake ya uhamiaji.

## Ndani ya darasa

14. Kozi ya uandishi hudai kazi kiasi gani?

Kozi ya krediti 3 huchukua takribani saa 3 darasani na saa 6 nje ya darasa kila wiki. Kazi kuu ni insha kadhaa, kila moja ikipitia rasimu, maoni ya wanafunzi wenzako, maoni ya mwalimu na kuandikwa upya, na mwishoni kuna insha ya utafiti yenye marejeleo, mara nyingi kwa mtindo wa MLA. Kinachosomwa zaidi ni makala za hoja, na si hadithi.

Silabasi ndiyo mkataba. Humo mna adhabu za kuchelewesha kazi, idadi ya siku unazoweza kukosa, na kanuni za akili mnemba (AI). Mwanafunzi asiyeisoma hufeli kwa mambo yasiyohusiana na Kiingereza.

15. Shuleni nilikuwa nasifiwa kwa insha. Mbona hapa naambiwa sina hoja?

Hili ndilo swali linaloumiza zaidi, na huulizwa na wanafunzi wazuri. Insha ya shule zetu hulipa uzuri wa lugha: hufunguliwa kwa methali, husogea taratibu kutoka jambo pana hadi jambo lenyewe, hupamba maelezo, na humwachia msomaji agundue mwishoni kile mwandishi alichokuwa akikiendea. Msomaji wa insha ya chuo cha Marekani hataki kungoja. Anataka kuijua hoja katika aya ya kwanza, na kila aya inayofuata anauliza: hii inaithibitisha vipi?

Tuseme mmesoma makala mbili kuhusu pendekezo la kuzuia magari katikati ya mji. Mwanafunzi anaanza hivi: "Usafiri ni muhimu sana katika maisha ya binadamu." Hakuna mtu duniani atakayeipinga sentensi hiyo, na kwa sababu hiyo haiwezi kuwa hoja. Linganisha na hii: "Jiji lianze kwa kufunga barabara siku za Jumamosi tu, kwa sababu wenye maduka wanachohofia zaidi ni kukosa mizigo inayoletwa siku za kazi." Hapa kuna msimamo, kuna sababu, na kuna mtu anayeweza kubisha. Tena sababu hiyo inaturudisha kwenye makala zilizosomwa, ambamo wenye maduka wamenukuliwa.

Usitupe ulichofundishwa. Uwezo wa kueleza kitu hadi kionekane ni adimu, na walimu huuona. Uhamishe tu kutoka utangulizi hadi ushahidi: eleza kwa kina lile tukio au takwimu inayobeba hoja yako, na utangulizi uwe mfupi.

16. Ni makosa gani ya sarufi yanayotokana na Kiswahili chetu?

Yapo machache yanayojirudia, na kuyajua chanzo chake hurahisisha kuyasaka katika rasimu.

La kwanza ni "he" na "she". Kiswahili hakitofautishi jinsia katika viwakilishi, hivyo mtu hodari kabisa huandika "my mother said he is coming". La pili ni kurudia mtenda au mtendwa: tumezoea kusema "ndugu yangu anaishi" na "kitabu nilichokisoma", kitenzi kikibeba viambishi vyote, na matokeo yake ni "my brother he lives" na "the book which I read it". La tatu ni "a" na "the", ambazo hazina mwenzake kwetu. Hizi hukomaa polepole kwa kusoma sana, na mwalimu mwenye busara hatakufelisha kwa ajili yake.

La nne halitajwi sana katika vitabu vya sarufi, ingawa ndilo linalogharimu alama nyingi. Masimulizi yetu hufungamana kwa "-ka-": akaingia, akaketi, akaanza kusema. Mkato unatosha kati ya vitenzi hivyo. Kwa Kiingereza, "he came in, he sat down, he began to talk" huhesabiwa kuwa sentensi tatu zilizounganishwa vibaya. Soma rasimu yako ukitafuta mikato tu, na mbele ya kila mmoja uulize kama kilicho pande zote mbili kingeweza kusimama peke yake kama sentensi kamili.

Waliopitia Kifaransa waongeze mengine kama "I have 30 years" (badala ya "I am 30 years old") na "I assisted at the meeting" (badala ya "I attended the meeting").

17. Nimezoea tahajia ya Uingereza. Nitakatwa alama?

Walimu wengi hawajali "colour" au "color" mradi uchague moja na uishike hadi mwisho. Uliza.

18. Naweza kuandika kwa Kiswahili, kisha nikatafsiri kwa mashine?

Kupanga mawazo kwa Kiswahili kunaruhusiwa popote, na kwa wengi ndiyo njia ya kupata hoja nzito. Kutafsirisha insha nzima kwa mashine na kuiwasilisha ni jambo jingine: vyuo vingi huliona kama kuwasilisha kazi isiyo yako, sawa na kuandikiwa na akili mnemba, isipokuwa silabasi iseme vinginevyo. Hatari nyingine ni kwamba utafika kwenye insha ya darasani, isiyo na simu, na mwalimu ataona watu wawili tofauti.

Kuna pia upande wa pili. Programu za kugundua maandishi ya akili mnemba hukosea, na huwakosea zaidi wasiozaliwa na Kiingereza. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu kadhaa kwa insha za TOEFL (mtihani wa Kiingereza kwa wasiozaliwa nacho) zilizoandikwa na binadamu, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kuwa za mashine. Jilinde kwa kuandika katika programu inayohifadhi historia ya mabadiliko, na utunze kila rasimu. Ukituhumiwa, usikiri usilolifanya ili yaishe. Peleka rasimu hizo na uombe kueleza insha yako kwa mdomo.

19. Binamu yangu ana digrii. Akinirekebishia insha, ni kosa?

Akikuonyesha aya isiyoeleweka ukaiandika upya mwenyewe, si kosa. Akikaa kwenye kompyuta yako na kuandika sentensi zake, ni kosa, hata kama alifanya kwa mapenzi na hakulipwa. Kadhalika kunukuu bila kutaja chanzo, jambo ambalo shuleni kwetu lilipita kama ushahidi wa kukariri vizuri, hapa linaweza kukupa sifuri.

20. Msaada halali unapatikana wapi?

Katika kituo cha uandishi cha chuo, ambacho kwa wanafunzi ni bure. Usiende na ombi la "nisahihishie Kiingereza", kwa sababu watakuambia hawasahihishi. Nenda na karatasi ya swali la mwalimu, rasimu, na jambo moja unalotaka kulijua: je, hoja yangu inaonekana? Je, aya ya tatu ina kazi gani? Mwalimu naye ana saa za ofisi ambazo ni zako kwa haki, nazo mara nyingi hupita bila mtu kuingia.

21. Nafanya kazi zamu ya usiku. Nichukue kozi ya mtandaoni?

ESL ya mtandaoni isiyo na vipindi vya moja kwa moja hatuipendekezi kwa ngazi za chini, kwani lugha inahitaji mtu wa kukujibu. Kozi ya uandishi mtandaoni inawezekana kwa mwenye nidhamu. Epuka zile zilizofupishwa kuwa wiki 8 kwa mara ya kwanza: saa zilizotajwa katika swali la 14 huzidishwa maradufu.

## Hali za pekee

22. Mimi ni CNA (msaidizi wa muuguzi) na nataka uuguzi. Kozi ya uandishi inahusikaje?

Programu nyingi za uuguzi huitaka kabla ya maombi, pamoja na anatomia, fiziolojia na mikrobiolojia, na huhesabu wastani wa alama za masomo hayo katika kuchagua waombaji. Kwa hiyo C inayomtosha mwanafunzi wa fani nyingine inaweza kukuweka nje ya foleni. Kwa anayelenga uuguzi, muhula mmoja zaidi wa ESL ya juu ukifuatiwa na B au A ni uamuzi wa busara, hata kama ushauri wa jumla ni kutokawia.

23. Nilisoma uandishi chuo kikuu nyumbani. Nirudie?

Kwanza rekodi zako zitathminiwe na shirika lililo mwanachama wa NACES (umoja wa mashirika yanayotathmini vyeti vya nje), kama WES, kwa ripoti inayoonyesha kila kozi. Chuo kitaamua. Cheti cha kidato cha nne hakitoi msamaha wa kozi hii. Vyuo vingine hukubali mtihani wa CLEP wa uandishi badala ya kozi, lakini chuo kikuu unachokiendea kinaweza kukataa, hivyo uliza huko kabla ya kulipia.

24. Nazidiwa katikati ya muhula. Niache kuhudhuria tu?

Usiache kimyakimya. Kuna tarehe ambayo ukijiondoa kabla yake kozi haionekani kwenye rekodi, na tarehe ya pili ambayo ukijiondoa kabla yake unapata W (alama ya kujiondoa). Baada ya hapo ni F (kufeli). W haishushi wastani, lakini huhesabiwa kama kozi uliyojaribu na hukumaliza, na vyuo vingi hudai umalize takribani asilimia 67 ya krediti ulizojaribu ili uendelee kupata msaada wa fedha. Ukiondoka mapema mno baada ya kupokea Pell, sehemu yake unaweza kudaiwa.

25. Ninayemlipia mwanangu ni mimi. Kwa nini chuo hakinionyeshi alama zake?

Kwa sababu ya sheria ya FERPA ya mwaka 1974: mwanafunzi akishaingia chuo, haki ya rekodi zake ni yake mwenyewe, hata kama hajatimiza miaka 18. Anaweza kutia saini fomu ya kukuruhusu, na chuo kinaweza, bila kulazimika, kumpa taarifa mzazi anayemdai mtoto kama mtegemezi katika kodi. Kumpigia simu mwalimu wake hakutasaidia.

26. Krediti za ESL zitahamia chuo kikuu?

Za ngazi za chini kwa kawaida hazihamii kama sehemu ya shahada. Za ngazi ya juu kabisa wakati mwingine hupokelewa kama kozi za hiari, na vyuo vikuu vinatofautiana katika idadi vinayokubali. Kwa vyuo vya umma vya California jibu hupatikana katika tovuti ya ASSIST, kwa kuchagua chuo unachotoka, chuo unachoendea na fani. Majimbo mengine mengi yana orodha zao. Mshauri wa uhamisho chuoni kwako ndiye wa kumuuliza, na jibu lake liombe kwa barua pepe.